Kuuliza maswali kwa Kiingereza: anzia kwenye -na-, -li-, -me- na -ta- zako mwenyewe

Kama uko mapokezi kwenye hoteli Nungwi, au unapeleka wageni Ngorongoro, au una duka Kariakoo na mzigo unaagiza Guangzhou kwa kuchati, au unajiandaa na intavyuu ya viza, basi sehemu kubwa ya Kiingereza chako ni kuuliza, sio kuongea. Mgeni ataongea mwenyewe. Wewe unatakiwa ujue anataka nini, anaondoka lini, ameshalipa au bado. Na hapo ndo utakuta mtu ana misamiati ya kutosha kabisa, matamshi mazuri, alafu anatoa "You are going where?" na "You want what?".

Kabla mtu hajaanza kucheka niseme hili: huo sio ujinga, ni Kiswahili kinafanya kazi yake. Kiswahili ukiuliza hakihamishi kitu. "Unaenda sokoni" ni taarifa, ukiisema kwa sauti ya kuuliza tayari ni swali, ukitoa "sokoni" ukaweka "wapi" umepata swali jingine, basi imeisha. Neno la kuulizia linakaa palepale ambapo jibu lingekaa. Kiingereza kinavunja sentensi na kuipanga upya, na hakuna aliyetuambia vizuri kwamba hicho ndo kinachotokea, tulipewa sentensi kumi tubadilishe ziwe maswali, tukapata tano, tukaendelea na somo la barua.

Na kwanini ujali, si anakuelewa? Anakuelewa ndio, ila "You are going where?" kwenye Kiingereza ipo na ina maana yake. Inasemwa na mtu ambaye hajasikia vizuri au ameshtuka. Yaani mgeni kakwambia "I'm going to the airport", wewe kwa upole kabisa ukamuuliza "You are going where?", yeye anasikia kama umemaka: eti unaenda wapi?! Ukimwambia "Your name is who?" inafika kama umemchoka. Wewe una adabu zako zote, mpangilio wa maneno ndo unakuangusha. Kwahiyo hili ni suala la heshima kabla halijawa suala la grama, na ndo maana nalichukulia serious.

Sasa twende.

Hatua ya 1: Liseme swali kwa Kiswahili kwanza, alafu tafuta silabi ya wakati

Najua wengi mmeambiwa msifikirie kwa Kiswahili. Kwenye maswali mimi nakwambia fikiria, tena taratibu, kwa sababu Kiswahili chako kinakuonyesha neno ambalo Kiingereza kinalitaka. Chukua "utarudi". Kuna u-, kuna -ta-, kuna rudi. Ile -ta- ya katikati kwenye Kiingereza haikai ndani ya kitenzi, inatoka inakuwa neno la peke yake, "will", na hilo neno ndo linaloruka mbele ya mtu ukiuliza. Tuliite kisaidizi. Ukikosa kisaidizi huna swali la Kiingereza, una taarifa yenye alama ya kuuliza mwishoni.

Kwa kuanzia shika hivi: -ta- ni will. -li- ni did. -me- mara nyingi ni have au has. -na- ina njia mbili, ama am/is/are na kitenzi chenye -ing, ama do/does. Hu- (ile ya "huwa unakula saa ngapi") ni do/does. Kama hamna kitenzi, ni "ni" au "yuko" au "iko", basi ni am/is/are, na zamani yake ni was/were. -weza ni can au could. "Ungependa" ni would you like.

-ta- na -li- hazina shida, zinatii. -na- na -me- zina ujanja wake na ndo zinapotupotezea watu, nitazirudia kila moja kwa nafasi yake.

Hatua ya 2: Panga nafasi nne

Neno la kuulizia, kisaidizi, mtu, kitenzi. Kwa mpangilio huo, mengine yote yanafuata nyuma.

Utarudi lini? "When will you come back?"
Ulilala wapi? "Where did you sleep?"
Wanafanya nini? "What are they doing?"
Naweza kulipa vipi? "How can I pay?"

Angalia "lini", "wapi", "nini" na "vipi" zilikuwa mwisho, zote zimeenda mwanzo kabisa. Na kisaidizi kimemtangulia mtu. Vitu viwili vimehama, sio kimoja, na kosa la kawaida kabisa kwa mtu aliyeshaacha "You are going where?" ni kuhamisha kimoja tu: "Where you are going?", "Why you are late?", "When you will come back?". Huyo yuko nusu ya safari. Akishaweka neno la kuulizia mbele amalizie kazi, amwambie kisaidizi nacho kiruke.

Swali la ndiyo au hapana halina neno la kuulizia, kwahiyo unaanza na kisaidizi moja kwa moja. "Will you come back?" "Did you sleep well?" Usihangaike kutafuta Kiingereza cha "je". Hakipo. Kile kisaidizi kilichokaa mbele ndo "je" yenyewe.

Kama hamna kitenzi, kuna ni/yuko tu, nafasi ya nne inabaki bila kitenzi na maisha yanaendelea. Funguo iko wapi? "Where is the key?" Wageni wako tayari? "Are the guests ready?" Hapa mtu asilete do. "Do the guests ready?" hapana, na "Are you have a booking?" hapana pia, hii ya pili naisikia sana. Have ya kumiliki ni kitenzi kama kula na kulala, inataka do: "Do you have a booking?" Utakutana na Mwingereza anasema "Have you got a booking?", hiyo nayo ni sawa, ila ukiwa na ya do inakutosha popote.

Hatua ya 3: Did ikiingia, kitenzi kinavuliwa

"Where did you went?" "Did she paid?" "Does he works here?" Sababu ya makosa haya ni uoga mzuri tu, mtu hataki kusahau kwamba jambo limeshapita. Lakini fikiria Kiswahili: kwenye "ulienda" umeweka -li- mara ngapi? Moja. Ukisema "did you went" umeweka mbili. Did ndo -li- yako, ikishakaa pale mbele kitenzi kinarudi kitupu, kama kilivyo kwenye dikshonari: go, pay, work. Na does ikishabeba ile s, work haibebi tena. "Where did you go?" "Did she pay?" "Does he work here?"

Kama unajiuliza hii do ilitoka wapi, zamani hata Waingereza wenyewe hawakuihitaji, walikuwa wanakigeuza kitenzi chenyewe, na mabaki yake bado yapo kwenye misemo kama "What say you?" na "How goes it?". Kwenye miaka ya 1500 ndo do ikaanza kusambaa kwa nguvu kwenye maswali, na baadae ikashika kabisa. Kwahiyo ukiona do haina maana yoyote hujakosea, haina. Ipo ili pawepo na kitu cha kuruka mbele. Ndo maana ni rahisi kuisahau, na ndo maana "Where you live?" na "You need taxi?" zinatutoka. Masikio yetu yanaona kila kilichohitajika kimeshasemwa.

Hatua ya 4: -na- yenye njia mbili

"Unafanya kazi wapi?" Kiswahili kimoja, Kiingereza viwili. Kama namaanisha kazi yako kwa ujumla, "Where do you work?" Kama namaanisha leo, saa hizi, wamekupanga wapi, "Where are you working today?" Kipimo changu ni hiki, chomeka "kila siku" kwenye swali, alafu chomeka "sasa hivi", uone ipi inakaa bila kubadilisha unachotaka kujua. Kila siku ni do/does. Sasa hivi ni am/is/are na -ing.

Kuna vitenzi havikubali -ing hata kama ni sasa hivi: want, know, need, like, understand, remember, have ya kumiliki. "Unataka nini?" ni sasa hivi kabisa, lakini ni "What do you want?", na kwa mgeni bora "What would you like?" maana ile ya kwanza ni kavu. "Unamjua?" ni "Do you know him?", sio "Are you knowing him?".

Kuna swali moja hapa nataka watu wa utalii mlishike kwa mikono miwili. "Unatoka wapi?" Ukimuuliza mgeni "Where are you coming from?" anaweza kukujibu "From the beach", na amejibu sahihi, umemuuliza saa hizi anatokea wapi. Ukitaka nchi yake ni "Where are you from?" Hivohivo "unakaa wapi?": kwake ni "Where do you live?", hoteli aliyofikia ni "Where are you staying?" Ukimuuliza mtalii "Where do you live?" dakika ya kwanza barabarani anaanza kujiuliza unataka anwani ya nyumbani kwake ya nini.

Hatua ya 5: -me-, hapa twende pole pole

Vitabu vingi vinasema -me- ni have, vinaishia hapo. Ingekuwa hivo ningeshamaliza.

Ni kweli ikiwa jambo limekamilika na hujataja wakati. Umekula? "Have you eaten?" Ameshalipa? "Has she paid?" Umewahi kufika Pemba? "Have you ever been to Pemba?" Have na has hapa ni visaidizi, kwahiyo kitenzi hakiwi kitupu, kinachukua ile sura ya tatu mliyoimba shule, eat ate eaten. Hii ni tofauti na did, usichanganye.

Lakini angalia hizi: umechoka, umeshiba, amelala, amekaa, amesimama, umevaa, umeoa, umekasirika. Kwa Kiswahili zina -me-, ila hazisimulii tukio, zinasema mtu yuko katika hali gani. Kiingereza kwenye hali kinatumia am/is/are. Umechoka? "Are you tired?" Umeshiba? "Are you full?" Mtoto amelala? "Is the baby asleep?" Amekaa wapi? "Where is he sitting?" Umevaa nini? "What are you wearing?" Umeoa? "Are you married?" Mtu anayesema "Have you tired?" hajakosa bidii, amefuata kanuni aliyopewa, kanuni ndo ilikuwa nusu.

Alafu kuna -me- ikikutana na lini au saa ngapi. Sisi tunasema kawaida kabisa "umefika lini?", "umeamka saa ngapi?". Kiingereza hakikubali have kwenye swali la namna hiyo, ukishauliza lini umeshalirudisha jambo kwenye zamani, ni did. "When did you arrive?" "What time did you wake up?" Hata "umenunua shilingi ngapi?" ukiwa unauliza bei aliyolipa ni "How much did you pay for it?"

Na "umezaliwa lini?" ina adhabu yake ya peke yake. Sio "When did you born?", sio "When have you born?". Ni "When were you born?" Born sio kuzaa, ni kuzaliwa, na kwa mtu aliyeshazaliwa inatembea na was/were. Hii ishike kama ilivyo, maana utaulizwa na utauliza maisha yako yote.

Hatua ya 6: Nani kampigia nani

"Nani amekupigia?" na "Umempigia nani?" Kiswahili kinatofautisha kwa viambishi, Kiingereza kinatofautisha kwa kuweka do au kuikosa. "Who called you?" ni aliyepiga. "Who did you call?" ni aliyepigiwa.

Kanuni yake: jibu likiwa ndo mtenda mwenyewe, hamna wa kurukwa, kwahiyo usilete do/does/did. Sentensi inabaki na mpangilio wa taarifa, kitenzi kinabaki na wakati wake na s yake. Nani kakwambia? "Who told you?" Kimetokea nini? "What happened?" Basi gani linaenda Moshi? "Which bus goes to Moshi?" Watu wangapi wanataka lunch? "How many people want lunch?"

Ukishajifunza do vizuri unaanza kuiweka kila sehemu, "Who did tell you?", "What did happen?". Ni dalili kwamba umesoma, ila punguza. Na wanaojiandaa na viza, "Who is paying for your trip?" ni swali la aina hii, anayeulizwa ni mlipaji, jibu moja kwa moja "My employer is" au "I am", usianze kusimulia unamlipia nani.

Hatua ya 7: Neno la kuulizia haliachi mwenzake nyuma

Una watoto wangapi? Wangapi wamefungwa kwa watoto, wanahama pamoja: "How many children do you have?" Sio "How many do you have children?". Hii simu ya nani? "Whose phone is this?" Saa ngapi? ni "what time", mbali kiasi gani ni "how far", mda gani ni "how long", mara ngapi ni "how often", vyote vinaenda mbele kama kifurushi kimoja.

Na, kwa, ya, kutoka: hizi ndo zinafanya kinyume, zinabaki nyuma peke yake. Unasafiri na nani? "Who are you travelling with?" Unatafuta nini? "What are you looking for?" Hii ni ya nini? "What is this for?" Unaongea na nani? "Who are you talking to?" Inaonekana kama sentensi imekatika, mtu anatamani kuongeza kitu baada ya with. Usiongeze. Iache ining'inie.

Bei nayo. Kuna njia mbili salama: "How much is it?" na "How much does it cost?" Cost ni kitenzi kwahiyo inataka does, is haitaki. Tatizo linakuja mtu akizichanganya akatoa "How much is it cost?" au "How much it costs?". Chagua moja uishi nayo, mimi ningechagua ya kwanza, ni fupi na inafaa kwa kila kitu.

Mengine ni ya kukariri tu maana neno la kuulizia lenyewe linabadilika. Jina lako nani? ni what, sio who: "What's your name?" Hii mnaitaje? ni what, sio how: "What do you call this?" Yukoje, yaani mtu wa aina gani? "What is he like?" Ukisema "How is he?" umeulizia afya yake. Na ile ya "Samia ni rais wa ngapi wa Tanzania?", ambayo watu wanapenda kuwatega walimu nayo, Kiingereza hakina neno moja la "wa ngapi", kwahiyo usijitese, zunguka: "How many presidents did Tanzania have before Samia?" Jibu watano, yeye ni wa sita. Kuzunguka sio kushindwa, kila lugha inazunguka mahali.

Hatua ya 8: Swali la heshima linarudisha kila kitu nyuma

Hii ndo inayowaangusha hata waliosoma sana. Umeshajua kuruka, sasa unataka kuwa mpole, unaanza na "Could you tell me...", "Do you know...", "I would like to know...". Ukishaanza hivo, kuruka kumeshafanyika kule mbele kwenye could au do. Sehemu inayobaki inakaa kama taarifa ya kawaida.

"Where is the office?" inakuwa "Could you tell me where the office is?" Sio where is the office.
"What time does the boat leave?" inakuwa "Do you know what time the boat leaves?" Does imepotea, s imerudi kwenye kitenzi.
"When will you ship the goods?" inakuwa "I would like to know when you will ship the goods." Wafanyabiashara, hii andikeni vizuri kwenye meseji zenu.

Na lile swali la ndiyo au hapana linaungwa kwa if: "Can I ask if you have paid?" Hata bila swali lolote ni hivohivo, "I don't know where he is", ambapo wengi wetu tunasema "I don't know where is he". Uzuri wake ni kwamba hapa Kiswahili na Kiingereza vinakaribiana, "sijui yuko wapi" haikuhama na chenyewe baada ya where hakihami.

Hatua ya 9: Maswali ya kukanusha, na jibu lake

Not ikiwa imejiunga, inaruka na kisaidizi chake. Kwanini hupendi? "Why don't you like it?" Sio "Why you don't like it?".

Ila shida kubwa iko kwenye kujibu. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" ukajibu "Ndiyo", umekubaliana nae, hujala. Kiingereza hakikubaliani na muulizaji, kinaangalia tukio lenyewe. "Haven't you eaten?" Kama hujala, ni "No, I haven't." Kama umekula, ni "Yes, I have." Ukijibu "Yes" tupu wakati hujala, mwenzio anaondoa sahani. Kwahiyo kwenye maswali haya usijibu kwa neno moja, malizia sentensi, na ukiwa wewe ndo muulizaji usikubali neno moja, hasa kwenye mambo ya hela na dawa. Tena kwa wageni usiulize kwa kukanusha kama unaweza kukwepa. "Haven't you paid?" ina harufu ya lawama, "Have you paid?" haina.

Kuhusu "au sio?" ya mwishoni, sisi tunaweka "isn't it?" kwa kila kitu. "You are coming, isn't it?" Kiingereza kinataka kisaidizi kilekile kirudi kikiwa kimegeuzwa: "You are coming, aren't you?" "She paid, didn't she?" Ukiwa unaongea haraka na kichwa hakijapanga, weka "right?" tu. Kwa maongezi inatosha, kwenye barua ya ofisi usiiweke.

Hatua ya 10: Jipime

Usifanye mazoezi ya sentensi za kwenye kitabu ambazo hutakaa uulize. Fungua meseji zako za leo, chukua maswali uliyouliza watu kwa Kiswahili, yageuze moja moja kwa sauti. Ya kwako ndo utakayoyahitaji kesho. Kwa sasa anza na haya, andika majibu yako kabla hujashuka chini:

Mmefika saa ngapi? Nani amechukua funguo? Unamsubiri nani? Mtoto wako ana miaka mingapi? Mbona hujanipigia? Umekaa Arusha mda gani? Samahani, unajua benki inafungwa saa ngapi?

Majibu. "What time did you arrive?", did kwa sababu ya saa ngapi japokuwa kuna -me-. "Who took the key?", hamna did, nani ndo mtenda, na "Who has taken the key?" ni sawa pia kama bado anayo. "Who are you waiting for?", usisahau for. "How old is your child?", Kiingereza hakina umri kwa have, ukiandika "How many years does your child have?" rudi hatua ya 7 uongeze na hii kwenye za kukariri. "Why didn't you call me?" ikiwa mda wa kupiga ulishapita, "Why haven't you called me?" ikiwa bado unasubiri hiyo simu. "How long have you lived in Arusha?" kama bado anaishi huko, akiwa alishahama ni "How long did you live in Arusha?", Kiswahili kingesema "ulikaa" kwahiyo silabi yako inakuonyesha. Na ya mwisho, "Excuse me, do you know what time the bank closes?" Kama umeandika does the bank close, soma tena hatua ya 8, alafu utunge maswali mengine matatu yanayoanza na do you know kuhusu boti, basi na chakula.